Bi Kwanini na Ekseli ya Nyuma

Mke wangu ni fundi wa magari, mimi ni fundi cherehani, na kitasa cha mlango wa jikoni kwetu kimevunjika huu mwaka wa tatu. Mganga hajigangi. Tunafungia kwa kamba, na kila mmoja akimwambia mwenzake atengeneze anajibiwa, "Kwani wewe si fundi?" Nalitanguliza hili ili nisidhaniwe kuwa nimekaa hapa kumsifia mke wangu. Kasoro anazo, na katika habari hii moja itajitokeza waziwazi.

Watu wanamwita Bi Kwanini. Jina hilo nilimkuta nalo, sikumpa mimi. Mteja akija na kusema, "Fundi, nibadilishie bushi za nyuma, zimekwisha," fundi mwingine huchukua spana na kuing'oa ile mipira ya kwenye maungio. Yeye huuliza, "Zimekwisha kwa nini?"

"Si zimezeeka."

"Za kulia zimezeeka, za kushoto bado ziko shule? Si zilifungwa siku moja?"

Mteja anatazama saa. Mke wangu analala chali juu ya kipande chake cha boksi, anajisukuma chini ya gari mpaka zinabaki kuonekana nyayo mbili, na sauti inatoka huko chini: "Hebu tikisa. Tikisa tena. Kwa nini huku kunacheza na kule kumetulia?" Wako wateja waliochoka na maswali wakahamia kwa mafundi wengine. Wengi wao wamerudi, wakiwa wamenuna.

Karakana yake ni banda la mabati lenye sakafu ya saruji, na duka langu la kushona liko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo tunaonana kutwa nzima. Injini hataki kuzigusa. Anasema injini ina kelele na kila mtu anajifanya anaijua. Yeye anapenda nyuma, pale ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, inaposhikamana na mwili wa gari, mahali ambapo hakuna mteja anayeinama kupatazama.

Miaka ya mwanzo ya ndoa yetu sikuelewa kuna nini huko nyuma cha kumpendeza mtu. Siku moja nikauliza, na akanijibu kwa kuchora kwa chaki yangu, kwenye meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha suti ya mteja. Nilikasirika sana. Lakini nilisikiliza, na mpaka leo nakumbuka.

Alisema hivi. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini iko mbele, na nguvu inasafiri kwa shafti ndefu inayozunguka mpaka kwenye difu, lile bakuli la gia katikati ya ekseli, kisha kwenye magurudumu. Ile ekseli nzito ya nyuma haijakazwa moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Mwili umeikalia kupitia springi, na springi haijui ila kupanda na kushuka. Sasa ni nini kinachoizuia ekseli isibaki nyuma gari likiondoka? Isijiviringishe unapokanyaga mafuta? Isihame kwenda kulia au kushoto?

"Hapo ndipo penyewe," akasema, na macho yalikuwa yakimwaka. Kuna vyuma viwili vya chini, kimoja kila upande, vinavyoivuta na kuisukuma. Kuna viwili vya juu, vifupi, vinavyoikataza kujiviringisha. Na kuna cha tano kinacholala kukingama: ncha moja imefungwa kwenye mwili wa gari upande wa kushoto, ncha ya pili kwenye ekseli upande wa kulia. Hicho kazi yake ni kuikataza isitoke pembeni. Mafundi huviita mikono. Kila mmoja unairuhusu ekseli ipande na kushuka, na kila mmoja unaikataza jambo lake.

"Na kwa nini vitano?" niliuliza. "Kwa nini visiwe vitatu?"

Alinitazama vile alivyonitazama siku ya harusi. Akaniambia wako watengenezaji waliotumia vitatu, wako waliotumia vinne wakavilaza mshazari ili kile cha kukingama kisihitajike, na wako waliorundika majani ya chuma yafanye kazi zote, kubeba na kushikilia. Kila mpangilio unakupa kitu na kukunyima kingine. Alieleza mpaka chakula kikaungua jikoni. Ile chaki kwenye suti sikuweza kuitoa yote, ikabidi nimdanganye mwenye suti kwamba kitambaa ndivyo kilivyofumwa.

Anayo desturi moja ya kazi ambayo lazima niieleze. Hatoki kwenda kulijaribu gari bila sanduku lake la zana. Miaka mingi iliyopita nati ilimlegea barabarani, naye hakuwa na hata spana moja, akatembea kwa miguu saa mbili. Tangu hapo, kabla ya kuwasha gari la mtu, anapakia nyuma sanduku lile la chuma, jeki kubwa ya magurudumu na fuawe ndogo anayogongea vyuma. Kuupakia mzigo huo kunataka watu wazima wawili, na mara nyingi mmoja wao huwa ni mimi, naitwa kutoka dukani sindano ikiwa bado mdomoni. "Fundi asiye na zana ni abiria," ndivyo anavyosema kila ninapolalamika kuhusu mgongo wangu.

Sasa nije kwa kaka yake.

Kaka yake ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa dereva wa malori, na ndiye wa kwanza kumruhusu mdogo wake aingie chini ya gari, kwa sababu alishindwa kumjibu maswali yake. Mimi namwita shemeji, naye ananiita shemeji, na tunapendana kwa dhati. Lakini shemeji alikuwa mlevi. Alikunywa miaka kumi na mmoja. Mke wangu alimtoa mitaroni kwa mikono yake, akamwogesha, akawadanganya waajiri wake kwamba ana homa. Halafu siku moja alimsahau binti yake shuleni, na jioni mlinzi wa shule akamleta mtoto nyumbani akiwa amemshika mkono. Tangu siku hiyo shemeji hajagusa pombe. Ni miaka minane sasa.

Alipata kazi ya kuendesha gari la zahanati, gari refu la familia lenye mlango wa nyuma, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Asubuhi anawapeleka wauguzi na maboksi ya dawa kwenye vituo vya nje, anarudi peke yake, na jioni anakwenda kuwachukua. Aliifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa. Mashati yake manne ya kazi nilimshonea mimi, na aliyapiga pasi mwenyewe.

Kabla mambo hayajaharibika, meneja wa zahanati alikuja karakana akilalamika kwamba gari linagonga mawe kwenye njia ya vituoni. Alitaka liinuliwe. Mke wangu akatoa springi za zamani, akafunga ndefu zaidi, mbele na nyuma, gari likasimama juu kwa upana wa vidole vinne. Tulipakia sanduku, akaenda kulijaribu, akarudi ameridhika. Meneja naye akaridhika.

Miezi miwili baadaye maneno yakaanza. Mwuza matunda wa pale kwenye mzunguko wa barabara alisema ameliona gari la zahanati likipepesuka mchana kweupe. Mwenye duka la dawa akasema hivyohivyo. Askari wa barabarani akamsimamisha shemeji, akampulizisha kwenye kile kifaa chao cha kupimia pombe, kifaa kikasema hana kitu. Watu wakasema kifaa ni kibovu. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Shemeji akamwambia meneja kwamba ni gari, si yeye. Meneja alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Akapanda gari hilo yeye na wauguzi watatu, maboksi nyuma, wakaenda mpaka kituo cha mwisho. Gari lilinyooka kama rula. Akapanda tena siku ya pili, na wauguzi wanne. Likanyooka tena. Basi Jumatatu akamwita ofisini.

"Ukiwa na watu unaendesha vizuri," akamwambia. "Ukiwa peke yako unapepesuka. Sasa niambie wewe mwenyewe, hilo ni gari au ni mtu? Nakupa mpaka Ijumaa. Likionekana tena, utarudisha funguo."

Nasema kweli, hata mimi hapo ningesema ni mtu.

Jumatatu hiyohiyo shemeji alilileta gari karakana. Nilikuwa mlangoni kwangu, nikavuka. Nilisaidia kupakia sanduku, jeki na fuawe, na mke wangu akaenda nalo mara ya kwanza, akarudi. Akakaza nati zote upya, akaenda mara ya pili, akarudi. Akashuka taratibu.

"Halina kitu, kaka," akasema.

"Lina kitu. Mchana, kwenye ile lami yenye mawimbi nje ya zahanati, mkia unakwenda zake. Naurudisha, unakwenda upande wa pili."

"Nimepita hapohapo kwenye mawimbi. Limenyooka."

Mke wangu akamsogelea, akamshika bega kana kwamba anamfariji, akasogeza uso karibu na uso wake. Nilimwona akivuta pumzi kwa pua. Shemeji naye alimwona. Hakukasirika. Alifungua mdomo wazi, akampulizia dada yake taratibu, pumzi ndefu.

"Nusa vizuri," akasema. "Ni chai."

Niliona aibu nikatazama chini. Shemeji akaondoka na gari lake.

Kesho yake wifi yake mke wangu, yaani mke wa shemeji, alikuja dukani kwangu na mashati yale manne ndani ya mfuko. Nilidhani ameleta kola zilizochakaa. Akayaweka mezani moja moja.

"Shemeji, wewe unashika nguo za watu kila siku," akasema kwa sauti ya chini. "Pua yako inajua. Hebu nusa hizi."

"Nitafute nini?"

"Unajua utafute nini."

Nikanusa mashati ya shemeji yangu. Yalinuka sabuni, petroli kidogo, na jasho la mtu anayefanya kazi. Nikamwambia hivyo. Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba nimekula njama na mumewe, akayakunja mashati, akaondoka bila kuaga. Nilibaki pale na hasira, na sikujua hasira hizo nizielekeze kwa nani, kwa sababu kabla sijanusa na mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba nitaikuta pombe.

Jumatano mchana shemeji alilirudisha tena gari, akaliacha, akaenda kituoni kwa pikipiki ya zahanati. Nikamvushia mke wangu chakula chake. Gari lilikuwa tupu kabisa, limesimama juu ya saruji, na sanduku la zana lilikuwa chini wazi kwa sababu alikuwa akilitumia. Nikasimama nyuma ya gari, bakuli mkononi, na jicho langu likakwama.

Mtu aliyeshona miaka ishirini na sita hana raha duniani. Nikimwona bwana harusi natazama kama mikono ya koti inalingana. Sasa nilikuwa natazama magurudumu mawili ya nyuma, na la kushoto lilikuwa limetokeza nje kuliko la kulia.

"Mama watoto," nikasema, "hili gari limekatwa vibaya."

"Umeanza."

"Pindo hazilingani. Tazama mwenyewe."

Hakuinua kichwa. "Hayo ni macho yako. Weka chakula hapo."

Nikaweka chakula, nikachukua uzi mfukoni, nikafunga nati chini yake, nikauning'iniza kutoka kwenye ukingo wa bati juu ya gurudumu la kushoto. Halafu nikapima kwa futi yangu ya kushonea kutoka kwenye uzi mpaka kwenye gurudumu. Nikafanya hivyohivyo kulia. Tofauti ilikuwa sentimita moja kamili.

"Pima tena," akasema. Alikuwa ameshasimama nyuma yangu, na sikumsikia akija.

Nikapima tena. Sentimita moja.

"Kwa nini?" akasema, na hakuwa akiniuliza mimi.

Aliingia chini, akatoka, akaingia tena. Bushi nzima, nati zimekaza, hakuna chuma kilichopinda. Ekseli yote ilikuwa imesogea upande wa kushoto kwa nusu sentimita, na hakuna kilichovunjika. Akasema anataka kulipeleka tena barabarani, na kama kawaida tukapakia sanduku, jeki na fuawe. Alikuwa ameshafungua mlango wa dereva alipoganda. Akarudi nyuma.

"Hebu uzi wako."

Nikaning'iniza uzi. Tofauti sasa ilikuwa chini ya nusu sentimita.

Tulitazamana. Akasema tushushe sanduku. Tukashusha, nikapima: sentimita moja. Tupandishe. Nusu. Nikamwambia mgongo wangu una mipaka. Hakunisikia. Alikwenda kwenye ukuta wa mbao wa banda, akagongelea msumari, akachukua ubao mwembamba wenye tundu ncha moja, akautundika kwenye msumari huo, na ncha ya pili akafunga chaki. Halafu akaanza kuupandisha na kuushusha ule ubao, chaki ikawa inachora ukutani.

"Njoo uone," akasema. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

Ubao ulipokuwa umelala sawa, akaupandisha kidogo na kuushusha kidogo, na chaki ikachora mstari uliosimama, karibu wima kabisa. Kisha akauinamisha ubao, ncha yenye chaki ikashuka chini, akaupandisha na kuushusha kipimo kilekile. Sasa chaki ilikuwa ikienda mshazari, kila inapopanda inatoka nje, kila inaposhuka inarudi ndani kuelekea kwenye msumari.

"Huu ndio ule wa kukingama," akasema. "Msumari ni mwili wa gari, chaki ni ekseli. Ukiwa umelala sawa, gari likiruka tuta ekseli inapanda na kushuka tu. Ukiwa umeinama, kila wimbi la barabara linaisukuma ekseli pembeni. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Na vile vya chini navyo vimeinama, kwa hiyo gari likilala upande, ekseli inajigeuza yenyewe kama inapiga kona ambayo dereva hakuitaka."

"Na vimeinama kwa nini?" nikauliza. Nilikuwa nimeanza kulipenda swali hilo.

Tabasamu lilimtoka usoni palepale. Alishusha ule ubao.

"Kwa sababu mwili umeinuka na vyuma vimebaki palepale," akasema. "Mimi ndiye niliyeliinua."

Ndipo nilipoelewa na mimi. Gari likijaa wauguzi na maboksi, linakaa chini na vyuma vinalala karibu na pale vinapotakiwa, kwa hiyo meneja hakuona kitu. Likiwa na sanduku, jeki na fuawe, linakaa chini vilevile, kwa hiyo na Bi Kwanini hakuona kitu. Aliyekuwa akiliendesha likiwa tupu ni mtu mmoja tu, na huyo hakuna aliyemwamini. Mke wangu amewauliza watu wa mji mzima kwa nini, lakini sanduku lake mwenyewe hakuwahi kuliuliza lolote. Nyani haoni kundule.

Tukashusha mzigo wote. Nikakaa kiti cha mbele nimsindikize.

"Shuka," akasema.

"Mimi?"

"Wewe nawe ni mzigo."

Akaenda peke yake, bila zana, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikaa robo saa. Aliporudi alizima gari na hakushuka, mikono ikiwa bado kwenye usukani. Nikafungua mlango. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na mke wangu si mtu wa kulia.

"Limenitoa barabarani mara mbili," akasema. "Naye amelishika hivi miezi miwili na zaidi, kila siku, bila kugonga mtu. Na mimi nilimnusa."

Sasa nitasema jambo ambalo sijivunii. Nilimshauri anyamaze. Nilimwambia arekebishe kimyakimya, amwambie meneja kwamba bushi zilikuwa zimekwisha, mambo yaishe, jina la karakana libaki safi. Nilimpenda, na niliogopa kwa ajili yake.

"Nikisema bushi," akajibu, "watasema dada amemfunika kaka. Si mara ya kwanza kumfunika, na wote wanajua. Lazima kosa liwe na mwenyewe."

Alhamisi asubuhi tulikwenda zahanati, mimi na yeye. Shemeji alikuwa amelichukua gari tangu jioni, ameshawapeleka wauguzi na amerudi, amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kofia mapajani. Mke wangu akachukua funguo za gari kwa kaka yake, akamwomba meneja watoke nje, akampa.

"Bosi, nakuomba uliendeshe mwenyewe. Peke yako. Nyuma kusiwe na hata boksi. Nenda mpaka mzunguko, urudi, mwendo uleule wa siku zote."

"Kwa nini nikaendeshe mimi?"

"Tukate mzizi wa fitina."

Meneja akapanda. Sisi tukasimama langoni pamoja na mlinzi na wafagiaji wawili. Ile lami yenye mawimbi inaanza hapohapo nje. Gari likaenda vizuri hatua kama mia mbili, likachanganya mwendo, halafu tukauona mkia ukitoka kulia. Ukarudi. Ukatoka kushoto, mkubwa zaidi. Taa za breki zikawaka, zikazimika, zikawaka. Huko mbali kwenye mzunguko tukamsikia mwuza matunda akipaza sauti, "Jamani, leo ameanza mapema!"

Mlinzi alicheka mpaka akashika geti. Mimi pia nilicheka. Mke wangu hakucheka, wala shemeji.

Meneja alirudi kwa mwendo wa gari la maiti, akashuka, shati limemganda mgongoni. Kabla hajasema neno, mke wangu akasema yeye, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Kosa ni langu. Niliinua gari, sikusogeza vyuma vinavyoshika ekseli. Likiwa na mzigo linatulia, likiwa tupu linapepesuka. Kila nilipolijaribu nilikuwa na zana zangu nyuma, nikajidanganya. Dereva wako amesema kweli tangu siku ya kwanza."

"Mama, mimi nilikuwa namfukuza mtu," meneja akasema.

"Najua."

"Wauguzi wangu wamepanda hilo gari!"

"Najua, bosi. Kasirika na mimi."

Akakasirika, na kwa haki. Alisema alirekebishe, na baada ya hapo gari la zahanati halitarudi tena kwake, na halijarudi mpaka leo. Kisha akamgeukia shemeji, akamrudishia funguo kwa mikono miwili. Shemeji akazipokea, akasema, "Ahsante, bosi," basi.

Mchana huo mke wangu alizirudisha springi za zamani, na shemeji alikaa karakana akimngoja. Mimi nilifunga duka, nikakaa nao. Alipomaliza, alinawa mikono kwa petroli, akaja akachuchumaa mbele ya kaka yake.

"Kaka, nisamehe. Si kwa gari tu."

"Nimekusamehe."

"Nilikunusa kama mbwa."

"Una haki ya kuninusa. Ni wewe uliyekuwa ukiniosha."

Halafu akavuta mfuko wake wa chakula wa kazini, akaufungua, akatoa chupa. Ilikuwa ya pombe kali, ndogo, ya kuingia mfukoni, na kizibo chake kilikuwa bado na ile karatasi ya kiwandani. Mke wangu alirudi nyuma akakaa chini kwenye saruji.

"Niliinunua Jumatatu, nilipotoka hapa," shemeji akasema. "Ni ya kesho. Nilijiambia wakinichukulia funguo kwa ulevi, basi niwe nimekunywa kweli. Kufukuzwa hivihivi, sijakunywa hata tone, kungenishinda."

Mke wangu akanyoosha mkono, akaichukua, akajaribu kuifungua. Mafuta yalikuwa bado viganjani, kizibo kikawa kinateleza. Akanipa mimi. Mimi nacho kikanishinda.

Shemeji akaichukua kwangu taratibu, akaifungua kwa zungusho moja, akaiinamisha juu ya mfereji wa karakana. Aliishikilia mbali na mwili wake, akageuza uso upande wa pili, akabana pumzi mpaka pombe yote ikaisha.